Sauna ya Krete

Iines mwanangu,

Supu ya samaki iko kwenye friji, mbakizie baba yako. Hoteli ya kisiwani Krete ilipiwe kabla ya saa kumi, bei inapanda leo. ~~Chukua ile ya bei ya kati, isiyo na sauna.~~

Uliona vituko vya asubuhi? Hoteli ina bwawa, ina chai ya asubuhi, bahari iko mlangoni, lakini baba yako kanuna: "Mfini bila sauna ni samaki nchi kavu." Nikamwambia, "Tuomo, mwezi wa saba Krete yote ni sauna kwa joto, tena ya bure!" Akabeba kahawa yake, akaenda kuinywa nje kwenye theluji. Tukacheka mpaka machozi.

Sasa nimeshavaa koti, nimekumbuka jambo. Mezani baba yako hunijibu "mm". Garini "mm". Lakini akishamwaga maji juu ya mawe ya moto, mvuke ukapanda, huongea mpaka namwomba apumue. Wiki nzima bila sauna nitaongea na nani, mbuzi wa Krete?

Lipia yenye sauna. Mchana tutakula mkate na jibini ufukweni, hesabu itakaa sawa.

Akiuliza kwa nini yenye sauna, mwambie mama anaumwa mgongo.

Mama