Supu Yangu, Minofu ya Hamisi

Jumatano. Joto la ajabu, ziwa limetulia na hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Nimekaa kitandani, mguu juu ya mto, na hasira imenijaa mpaka nakosea herufi. Nisipoandika nitamtukana mtu.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni mchuuzi wa samaki pale Katonga. Kazi yangu ni miguu. Nateremka mchangani mitumbwi ikiingia, napigania bei, napanda na beseni kichwani. Miezi kadhaa iliyopita bodaboda iliteleza nikiwa nimepanda nyuma, mguu wa kulia ukavunjika, ukafungwa hogo la plasta. Siku hogo lilipokatwa nilitamani walirudishe. Paja lilikuwa limesinyaa, ngozi inaning'inia, ungedhani nimeazimwa mguu wa mtoto. Mwajuma, mwenzangu wa kazi, ananishikia nafasi yangu mchangani, lakini juzi ameniambia kuna watu wameanza kuiulizia. Nisiporudi karibuni, sina pa kurudi.

Daktari wa mazoezi hospitalini hakunificha. Mfupa umeunga, alisema, ila misuli imelala, na haitaamka yenyewe. Nifanye mazoezi kila siku, nilale vya kutosha, na nile samaki. Mayai na maharage pia, lakini samaki hasa, maana hapa Kigoma mtu akikosa samaki ni kwa kujitakia.

Nilifanya. Naandika hapa ili ibaki: nilifanya.

Nilifunga mchanga kwenye kipande cha kanga, nikauning'iniza kwenye kifundo cha mguu, nikaunyanyua na kuushusha huku machozi yananitoka. Nilishika nondo za dirisha nikachuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka. Usiku nalala mapema kama kuku, simu nimezima, mpaka mashoga zangu wakadhani nimewanunia. Na samaki alikuwepo. Kila asubuhi Mwajuma anamtuma dereva wa bajaji na mgebuka mnene, wa kumtoa mtu udenda. Mama anapokea, anapika, ananiletea bakuli chumbani. Supu ya moto, limao, pilipili, na kichwa cha samaki kinaelea humo. Fungu langu ni dogo, nilijisemea, lakini nyumba ina watu. Nikanywa, nikamshukuru Mungu na Mama.

Leo nilikwenda kupimwa. Daktari akazungusha futi ya fundi cherehani kwenye paja langu, akatazama faili, akazungusha tena. Paja halijaongezeka kitu. Akavua miwani. "Dada, mazoezi hufanyi."

Mbele ya watu! Nikamwambia nafanya. Akasema mwili haudanganyi. Wagonjwa wa kwenye benchi wakageuka kunitazama kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni, na mimi nikabaki nimeshika gongo langu, nikifikiria pa kumpiga nalo. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kudanganywa, ninakula nini. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: supu ya samaki, mchana na jioni.

"Supu," akasema, "au samaki?"



Nikarudi nyumbani Buzebazeba mapema kuliko walivyonitegemea, nikapitia mlango wa uani. Hamisi, mdogo wangu, alikuwa amekaa mkekani kifua wazi. Mbele yake ugali wa muhogo na mgebuka wangu, mgongo, tumbo na mkia, mawese yanang'aa. Kilichokosekana ni kichwa tu. Kichwa kilikuwa kwenye bakuli langu, pembeni, kimefunikwa vizuri.

Sasa mjue kwamba Hamisi anajenga mwili. Yeye na wenzake wananyanyua makopo waliyoyajaza zege, nyuma ya nyumba ya jirani. Tangu nivunjike amevimba mikono mpaka fulana zinambana. Anajipiga picha, anaweka status: hakuna poda za misuli, ni chuma tu. Na mimi dada mtu, nimelala na kigimbi changu kilichosinyaa, nilikuwa namwekea dole gumba!

Mguu wangu uko kwenye mikono ya Hamisi.

Nikamuuliza Mama kulikoni. Hata hakushtuka, na hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza taratibu: "Mwanangu, nguvu yote ya samaki inahamia kwenye supu. Hiyo minofu inayobaki ni makapi. Mgonjwa hapewi makapi." Alikuwa anasema kwa moyo mweupe. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka chooni zile wiki za mwanzo, sasa ningemwita mwizi kwa lipi? Alikuwa ananipa anachoamini ni bora, na hicho hicho ndicho kimenikondesha.

Lakini mbona makapi yenyewe kila siku yanaangukia kwa mtoto wa kiume? Toka tukiwa wadogo kichwa ni changu na mgongo ni wa Hamisi. Nilikuwa nasema Hamisi ana afya nzuri, haugui ovyo. Augue kwa kukosa nini?

"Kwa hiyo nguvu yote iko kwenye supu?" nikauliza.

"Ego," akaitikia kwa Kiha, kama afanyavyo akiwa na uhakika.

"Basi mpe Hamisi supu. Si ndiye anayetafuta nguvu? Mimi nipe hayo makapi."

Hamisi akaacha kutafuna. Mama akatazama bakuli, akatazama sahani, na mimi nikadhani sasa ameelewa. Kisha akasema, tena kwa mshangao wa kweli, "Hamisi ni mwanaume. Atashibaje supu?"

Atashibaje supu.

Na mimi nimeshibaje miezi yote hii? Sikumuuliza, maana sikutaka Hamisi anione nalia kwa ajili ya samaki. Alinisogezea sahani, lazima niseme, akiwa ameinamisha macho. Palikuwa pamebaki miiba. Nikaingia chumbani nikafunga mlango kwa kishindo, na sijala chochote mpaka sasa, jambo la kijinga kabisa kwa mtu anayetafuta misuli.

Basi nimeamua. Bajaji ikipiga honi asubuhi, nitatoka na gongo langu nimpokee samaki mwenyewe. Nitakaa jikoni, mguu nitaunyoosha kwenye kigoda, na nitampika mimi. Hamisi atakunywa supu, na limao nitamkamulia. Mgebuka nitamkata katikati. Nusu ni ya mguu wangu, nitaila mbele ya kila mtu. Nusu nyingine nitamwekea Mama, na sitaondoka hapo mpaka aimalize, kwa sababu nimekaa hapa jioni nzima nikijaribu kukumbuka, na sikumbuki hata mara moja katika maisha yangu kumwona Mama akila mnofu wa samaki.