Kamba ya Mita Sitini

Babati Mjini,
Jumapili, 15 Machi 2026.

Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Hujambo huko Mbulu? Dada Benadetha anaendeleaje tangu ajifungue, na mtoto ananyonya vizuri? Nasikia ametoka na masikio ya marehemu baba. Maskini, atayazoea kama tulivyoyazoea sisi. Huku nyumbani sijambo. Kaka Theophil alipiga simu kutoka Arusha, anakusalimu. Kuku wako wote wapo, ila yule jogoo mwekundu, tangu uondoke, anajiona ndiye mwenye nyumba.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu hukawii kunikatiza, Mama, na safari hii nataka unisikie mpaka mwisho kabla hujasema neno. Barua hii anakuletea kondakta wa basi, nimemsisitizia asiikalie.

Sasa sikia: tunaliokoa ziwa! Usicheke. Lilisomwa tangazo kanisani kwetu baada ya misa, na msikitini kwao baada ya swala ya Ijumaa, kwamba wanaotaka kujitolea kusafisha na kupiga vigingi vya mpaka wafike ziwani Jumamosi asubuhi na majembe na magunia. Nilidhani watakuja watu kumi. Tulizidi mia! Vijana wa bodaboda walipanga pikipiki zao barabarani, wakakunja suruali, wakaingia kwenye tope. Kiongozi wetu ni Amira, yuleyule muuza perege wa sokoni ambaye hujawahi kununua samaki kwake bila kugombana naye. Yeye yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, sisi tuko Kwaresima, kwa hiyo hakuna aliyeleta hata andazi. Lakini kufunga kwa Amira hakukugusa sauti. Aliamrisha toka saa moja mpaka saa saba, na hakuna aliyethubutu kukaa.

Jumamosi ile ya kwanza tulianza na matete. Mama, usiombe kuona tuliyoyatoa humo! Chupa za plastiki magunia na magunia, nyavu zilizooza, ndala za mguu mmoja mmoja, hata mlango wa friji. Tukiwa tumeinama, kiboko akapiga pumzi kubwa karibu yetu. Watu walitawanyika! Wa kwanza kufika barabarani alikuwa Parkesian, mlinzi wa duka la saruji, yule Mmasai wa Simanjiro anayetuambia kila siku kwamba simba kwake ni kitu kidogo. Baadaye alijitetea kwamba simba unajua anataka nini, lakini kiboko anakula majani, sasa hasira anazitoa wapi? Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Tuliporudi, tulikuta yangeyange wametua palepale tulipotoka kusafisha, weupe, wanatembea taratibu kwenye maji yanayoonekana. Nilifurahi Mama, nikasahau hata njaa.

Baada ya hapo ikaja kazi ya vigingi. Sheria inasema ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa hakulimwi, kwa hiyo tulipaswa kupima, kuweka alama, na wiki inayofuata kupanda miti. Amira alikuja na kamba ya katani ya mita sitini kamili, ina kitambaa chekundu mwishoni. Mtu mmoja anashika ncha ya majini, ndani ya matete. Parkesian anapanda na ncha ya pili mpaka kamba inyooke, na pale kinapofika kitambaa anapiga kigingi. Amira akauliza nani atakubali kukaa majini na ruba. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Watu wakanipigia makofi, wakasema kweli huyu ni binti wa Mama Theophil.

Tukapima shamba kwa shamba. Kwetu kigingi kilipigwa chini kabisa, nje ya ua wa minyaa, na bustani yako ikabaki salama yote. Kwa jirani yetu Mama Paskasi kikapanda mpaka katikati ya nyanya chungu zake, zimeshaanza kuzaa. Nilisubiri atutukane. Aliuliza tu kwetu kimeangukia wapi, na alipooneshwa alisema anamshukuru Mungu, angalau wewe umenusurika, maana uko safarini na ungerudi ukaumia. Kisha akachukua jembe akaanza kuzing'oa mwenyewe, akitugawia matunda. Fungu kubwa kuliko yote alinipa mimi.

Mama, kama umesimama, kaa chini.

Mimi sikwenda kule kwa ajili ya ziwa. Niliposikia habari ya vigingi kanisani, nilifikiria bustani yako tu, ile iliyotulea sisi watatu baada ya baba kuondoka. Niliomba kamba kwa sababu ndani ya matete hakuna anayekuona. Tulipofika kwetu, niliizungusha kwenye kiwiko changu mara kumi na moja, kama unavyokunja uzi wa kufumia, nikaivuta ikakaza. Parkesian kule juu hakujua kitu. Kwa Mama Paskasi niliiachia yote.

Zile nyanya chungu nilizipika, zikanishinda kula. Na kitu kingine kilinitokea ambacho sikukitarajia: nilianza kulipenda ziwa. Kila jioni nikitoka kazini nilishuka kuwatazama yangeyange, na kila nikishuka niliona vigingi vyote vimekaa safu moja, chetu peke yake kimechuchumaa chini. Amira alikiona pia. Alinitania kwamba ziwa hili linampenda sana Mama Theophil.

Jana, walipoanza kugawa miche, nilikwenda nikaking'oa. Nikakibeba mpaka kwa Amira mbele ya watu wote, nikasema nilichofanya, na mara ngapi. Wa kwanza kujibu ni Mama Paskasi. Alicheka! Alisema kama kamba angepewa yeye, angeizungusha mara ishirini. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikaangua kilio.

Tukapima upya. Niliomba mwingine ashike, Amira akakataa katakata. Akasema lazima nishike mimi mwenyewe, maana sasa hakuna anayezijua mbinu za kamba ile kunizidi. Kigingi kimeingia ndani ya ua hatua kumi na moja. Chainizi yote imekwenda, Mama, na mchicha. Maboga yamebaki, na vitunguu. Kwenye matuta yako kuna miche kumi na minne ya mikuyu. Tuliipanda mimi na Mama Paskasi, yeye akishika mche, mimi nikifukia. Kigingi nimekipiga kwa mkono wangu, nimekitikisa, hakitoki.

Najua utakasirika. Bustani ni yako, na mimi nimeiamulia mara mbili bila kukuuliza. Nigombeze utakavyo, ila Amira na Mama Paskasi usiwaguse. Na ukishamaliza kunigombeza, twende ziwani asubuhi nikuoneshe. Kwa hili la pili sijutii, Mama. Nina furaha mpaka naona aibu.

Sikukuu ya Idi ikipita, kikundi kinakwenda Mutuka kupima kijito. Kamba wamenikabidhi niitunze mimi. Nimeitundika nyuma ya mlango, kwenye msumari wa kanga yako, kwa hiyo ukirudi usishtuke.

Msalimie sana dada Benadetha na shemeji. Mtoto mbusu kwa niaba yangu, masikio yote mawili. Mungu akulinde, akurudishe salama, na akurudishe umepoa.

Ni mimi binti yako mkosefu,
Leonia,
mshika kamba.