Kopo Lisilo na Karanga

3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limetulia. Mimi mzima, ila kazi inanimaliza. Kutwa nzima napokea simu za watu ambao mizigo yao imepotea, na kila mmoja anaamini nimeiiba mimi. Naomba radhi mpaka ulimi unakufa ganzi. Hata hamu ya kula sina. Ahsante kwa kopo la karanga.

Mwanao,
Kijiti

20 Machi

Mwanangu Kijiti,

Marahaba. Sijambo, goti linanikumbuka nikipanda ngazi tu. Habari ya kutokula imeninyima raha. Safari hii nakutumia makopo mawili, la karanga na la biskuti. Nitumie na picha nikuone. Mwezi wa tano nakuja mwenyewe.

Mama yako

29 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tafadhali usije sasa, fundi anavunja bafu, nyumba haikaliki. Picha nitatuma, kamera ya simu imeharibika.

Kijiti

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako alipita kwako juzi ukiwa kazini. Anasema bafu ni zima na fundi hayupo. Kama umenichoka, niambie tu.

Mama

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Nilikudanganya. Nakula, tena nakula mno. Mteja akinitukana namjibu kwa adabu, nakata simu, na mkono unaingia kwenye droo wenyewe. Makopo yako mawili niliyamaliza siku moja, nimesimama kwenye ngazi za ofisi, na sikumbuki hata ladha yake. Njaa sina, Mama. Nimechoka tu. Sketi haifungiki tena, naifunga kwa pini.

Nilikuzuia kwa sababu niliogopa nitakufungulia mlango uniulize Kijiti yuko wapi. Jina lenyewe naona aibu kuliandika.

Kila Jumanne naenda kuzungumza na muuguzi wa kazini. Nimeshaenda mara mbili. Ananiuliza nilihisi nini kabla ya kufungua droo, nami sijui la kumjibu. Usinitumie chakula tena. Najua ndivyo unavyonipenda, na ndiyo maana nimeshindwa kukuambia.

Mwanao

12 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimelia, halafu nikacheka, majirani wakadhani nimerukwa na akili.

Nani alikuambia uliitwa Kijiti kwa wembamba? Ulikuwa kibonge, mapaja yamejaa mikunjo. Jina alikupa marehemu baba yako kwa sababu ukiudhiwa ulikuwa hulii. Ulikuwa ukiokota kijiti, ukienda nyuma ya nyumba, ukichora mistari mchangani mpaka hasira iishe. Baba yako alisema nikuache. Mimi sikuweza kukuona umenuna. Nilikuwa nikikuita ndani, nikikupa biskuti ili usahau.

Hilo limenikaa kifuani siku tatu. Inaelekea mkono wako niliufundisha mimi. Nisamehe, mwanangu, nilidhani nakubembeleza.

Katika kopo hili usitafute karanga. Lina penseli tu.

Mama yako

9 Septemba

Mama,

Shikamoo. Goti linasemaje?

Sitakudanganya tena kwamba nimepona. Juzi nilimaliza pakiti nzima ya biskuti kabla ya saa nne asubuhi. Lakini jana bwana mmoja aliniita mwizi mara nane. Nilifungua droo, nikatoa penseli, nikachora mistari mpaka akachoka yeye. Muuguzi aliponiuliza nilihisi nini, nilimjibu: hasira. Ilikuwa mara ya kwanza.

Kopo limejaa karatasi, nakurudishia. Zitazame au zichome, ni juu yako. Ukija, usibebe kitu. Tutapika pamoja, tule tumekaa.

Picha uliyoiomba iko chini kabisa ya karatasi. Ni ya mwili mzima.

Kijiti