Mbuzi Apumzishwe

Riruta, Jumanne

Na bado nasema kosa si langu. Daktari akikuambia "mbuzi apumzishwe kesho asubuhi," wewe utafanya nini? Mimi nilifika maabara mapema, nikamwekea nyasi mpya, nikafunga pazia asisumbuliwe na jua.

Saa tatu Daktari akaingia na glavu na trei ya sindano. Akamkuta mbuzi amelala, anacheua kama mstaafu.

"Si nilisema apumzishwe?"

"Si amepumzika, Daktari?"

Kumbe ni kuua. Miaka sita nilifanya kazi kichinjioni kule Dagoretti, na huko kuchinja kunaitwa kuchinja. Huku maabara ya Upper Hill watu wamesoma sana, hawaui.

Na huyo mbuzi alikuwa amepita mtihani! Mwezi mzima ile pete yao ndogo ya kuunganisha mishipa ya damu imekaa shingoni mwake, na mshipa haukuvuja hata tone. Fomu nilijaza mwenyewe: amepona kabisa. Basi ndiyo sababu afe, ili wakate mshipa waone umepona vipi ndani. Na kama ungevuja, angekufa vilevile.

Nilimshika kichwa akidungwa. Alikuwa amenizoea, hakupigana. Hilo sitaki kuliandika sana.

Jioni nikivaa koti, Daktari akanishika bega kwa upole. "Unaonekana umechoka. Wiki ijayo tutakupumzisha kidogo."

Nimetoka bila kuuliza kivipi.