Fundo la Gunia Katika Thieta

Sulay, Riyadh

Kwa Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Barasa, ambaye hajambo, ila jua la huku tu. Goti lako likoje? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa au bado anawazungusha? Barua hii anakuletea Nekesa, jirani yetu, anarudi nyumbani wiki hii. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, na ukianza kulia nami naishiwa maneno. Sasa keti, unisikize mpaka mwisho.

Mjomba amekuambia nimefukuzwa Jeddah kwa kiburi. Nawe ukaniambia niisaini ile karatasi ya kuomba msamaha ili nirudishwe, eti mkono usioweza kuukata, ubusu. Mama, siubusu. Sikia kwanza kilichotokea.

Unajua nilikuwa msafishaji wa thieta, pale wanapopasua watu. Hospitali yenyewe ni maridadi. Siku hizi wanatoboa vitundu vidogo, wanaingiza kamera, mtu anapasuliwa asubuhi na jioni anakunywa chai kwake. Lakini wagonjwa wamekuwa wengi, orodha ya siku haiishi, na kila mtu ni yalla, yalla, haraka, haraka. Daktari katoka nchi hii, nesi nchi ile, wa dawa ya usingizi kwingine kabisa, na Kiarabu chenyewe ni cha kuokoteza. Kitu wanachokielewa wote ni hesabu. Shashi za kufyonza damu zikiingia kumi, lazima zitoke kumi ndipo mgonjwa ashonwe. Na mimi taka zangu hazivuki mlango mpaka hesabu itimie.

Siku hiyo alikuwa mzee mmoja wa Kisudani, dereva, utumbo umejisokota, kwa hivyo alifunguliwa tumbo zima. Sista Liza, Mfilipino, akahesabu shashi: tisa. Akarudia: tisa. Daktari akasema ya kumi imetolewa pamoja na taka. Nani kaitoa? Mimi tena! Supavaisa wetu akaitwa, akanivuta kando.

"Barasa, sema tu uliitupa. Mgonjwa mwingine anangoja. Sema, halas, yaishe."

Mama, hapo nilichemka. Mifuko yangu miwili ilikuwa palepale ukutani, na nilikuwa nimeifunga kwa fundo lako. Lile la magunia ya maharagwe, ambalo mtu akilifungua hawezi kulirudisha lilivyokuwa. Tulikuwa tukikucheka kwamba Mama anashuku hata panya. Nikawaambia, "Hakuna kilichotoka humu. Tazameni fundo, kisha fungueni wenyewe." Liza akafungua, akapekua kila kitu. Mafi. Hamna. Daktari akanyoosha mkono apewe uzi ashone.

Nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti, "Iko ndani ya mzee!"

Supavaisa akaniambia kesho narudi Kenya. Nikamwambia akate tiketi leo.

Liza naye akakataa kutoa uzi. "Eksirei kwanza," akasema. Mashine ikaletwa, na hiyo hapo, chini ya ini, shashi ya kumi. Wakaitoa, mzee akashonwa. Hakuna aliyenitazama usoni, wala aliyesema asante.

Tiketi haikukatwa, ila wiki hiyohiyo karatasi ikaja: nikubali kwamba nilimkosea daktari heshima na kuchelewesha kazi. Nikakataa, ndipo nikaletwa huku Sulay kubeba makatoni kwenye maghala. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, anayo kafili, tajiri aliyenileta, kwa hivyo siwezi kuhama nitakavyo. Mgongo unauma, sikufichi, na Jeddah naitamani. Kila Alhamisi bosi wa huku ananitolea karatasi ileile, nami namrudishia kalamu yake. Nikisaini, siku shashi nyingine ikipotea watamwambia msafishaji yeyote, "Hata Barasa alikubali." Na mgonjwa atashonwa nayo. Aka! Hapo hapana.

Juzi Liza alinipigia. Yule mzee amepona, amerudi kwenye gari lake. Kisha akaniomba nimwonyeshe kwenye video jinsi ya kufunga lile fundo, kwa sababu msafishaji mpya, Mnepali, anataka kulijua kabla naye hajasingiziwa. Nikavua kamba ya kiatu, nikalifunga mbele ya simu polepole, mara tatu, vile ulivyonifunza juu ya gunia. Nilisikia wengine nyuma yake wakijaribu na kucheka. Mama, nilifurahi nikasahau mgongo.

Msalimie Mjomba, umsomee yote, hasa pale pa tiketi. Msalimie dada Nanjala na kwaya yake, na shangazi wa dukani, mwambie kilemba alichoniagiza ninacho. Mimi niombee mgongo tu. Msamaha usiniombee, kwa mtu wala kwa Mungu.

Na kama bado unaona ni kiburi, basi nenda ghalani ulitazame gunia lolote. Kiburi hicho nimekitoa hapo, kwenye fundo lako.

Mwanao,
Barasa