Mpunga Wako Unaotetemeka

Baba Maro,

Wewe mzee huna haya. Tangu tukuzike mvua zimekuja zikaondoka, na hata ndotoni hujanipitia. Jirani anamwota mumewe kila wiki, na yule alikuwa mvivu wa kutembea! Basi nakuandikia. Mimi nasema, mjukuu wako Zahara anaandika. Nimemkataza kunitengenezea maneno.

Ile filamu yako ya mpunga imekwisha.

Uliniudhi wewe. Mtu ana studio Garsen, watu wanamngoja awapige picha za paspoti, yeye yuko Kulesa anafunga kamera kwenye dungu langu la kuamia ndege. Eti ipige picha yenyewe kila dakika kumi, toka miche hadi mavuno, halafu miezi minne ipite kwa dakika moja. Nikakuuliza, haraka ya nini? Ukacheka mpaka ukakohoa.

Na mimi huko juu nazungusha kombeo, dungu linayumba. Wewe chini: "Mama Maro, usitikise! Picha zinaharibika!" Nami: "Ndege wanakula mpunga, hawali picha!" Kila siku hivyo hivyo.

Ukafa mpunga ukianza kutia maziwa, wakati ndege hawana adabu kabisa. Baada ya matanga nilirudi shambani, nikaikuta kamera pale pale, Zahara anaibadilishia betri. Sikupanda dunguni. Kwa magoti haya, Baba Maro, nilizunguka shamba nikirusha mawe kutoka chini mpaka siku ya kuvuna. Kona ya upande wa mtoni sikuiwahi. Wameila yote. Usinilaumu.

Juzi Zahara akanionyesha. Mwanzo mpunga unakua huku unatetemeka kama mwenye homa. Kisha, pale ulipotutoka, unatulia. Tuli. Unaiva bila kuyumba, vile ulivyotaka. Zahara akasema hata ule mwanzo unaweza kutulizwa, kompyuta inafanya. Nikamwambia, thubutu!

Najua ulitaka itulie yote. Lakini pale panapotetemeka ni mimi niko juu, na wewe uko chini unanigombeza. Hatuonekani hata mmoja wetu, lakini tupo. Sasa nani anifutie hiyo?

Kwa hiyo imebaki vile vile. Dada yako alipoiona akauliza kama ni tetemeko la ardhi. Nikamwambia, ni mimi. Tulicheka, wee, mpaka nikalia kidogo. Kidogo tu.

Haya, pumzika, mzee wangu. Msimu huu nimepanda tena, na kamera nimeifunga kwa mkono wangu. Nakuahidi, maadamu naweza kushika kamba, haitakosa mahali pa kufungwa.

Nawe ukija, uje alfajiri, ndege hawajaamka. Usisimame chini tena kunipigia kelele. Panda huku juu, ukae. Dungu linatubeba wawili.