Aliyekuwa akikaa kiti cha kushoto

Baraka, Alhamisi. Mvua ilianza kabla sijaamka, ikanisindikiza hadi Fizi na kunirudisha. Sasa imekatika, imebaki kudondoka kwenye bati tu. Nimeketi kitandani na mkoba mapajani, na ndani ya mkoba kuna permi, leseni ya udereva ya Kongo, yenye picha yangu nimenuna. Nimefaulu.

Sina furaha hata ya kuazima.

Niandike tangu mwanzo, maana wapo wanaonisoma kutoka Kigoma na bado wananiuliza mtu mwenye leseni anahangaikia nini leseni nyingine. Leseni ya Tanzania ninayo tangu usichana. Baba yangu alikuwa dereva wa malori, na mimi nilishika usukani kabla sijajua kusonga ugali ukaiva. Tulipohamia huku kwao Wilondja, mume wangu, tulivuka ziwa na gari letu dogo jeupe limefungwa kamba juu ya boti la mizigo, na mimi nilifumba macho karibu safari nzima. Yeye alikuwa anarudi nyumbani baada ya kukulia ukimbizini kwetu. Aliyekuwa anahama ni mimi.

Wilondja hakujua kuendesha. Hata baiskeli ilimshinda. Alijua samaki, alijua watu, alijua kuongea mpaka mtu akasahau alichokuja kudai. Kwa hiyo tuligawana kazi: karatasi zote za gari ziliandikwa jina lake, na dereva nikawa mimi. Mji mzima wa Baraka ulicheka. Mwanaume anaendeshwa na bibi yake! Yeye akawa anainua mkono dirishani kama mkubwa fulani anayepita, anawaambia wao wana wake tu, yeye ana mke na shofa.

Sasa, wasiojua Kongo niwaeleze jambo moja. Huku magari hupita upande wa kulia wa barabara, na gari letu, kwa kuwa lilitoka Tanzania, lina usukani kulia. Maana yake dereva unakaa upande wa mtaro. Mbele yako likiwepo lori, unaona matako ya lori na basi. Huwezi kujua kama kuna kitu kinakuja mpaka umeshatoa gari zima katikati ya barabara, na hapo umechelewa kujua. Magari ya namna hiyo yamejaa hapa, na wenyewe wana dawa yake: aliyekaa kushoto ndiye macho. Anachungulia, anamwambia dereva.

Wilondja alikuwa macho yangu. "Bado," anasema. "Bado. Bado. Pita." Sikuwa naangalia. Nasema kweli, sikuwa naangalia hata kidogo. Akisema pita, napita. Tumekwenda Kazimia kuchukua samaki wa kuuza na kurudi hivyo sijui mara ngapi, nao wananuka nyuma, naye huku anachungulia huku anakula karanga, na sijawahi hata siku moja kujiuliza kama ameona vizuri.

Hata polisi wa roulage, wale wa barabarani, aliwamaliza yeye. Polisi wakisimamisha gari huenda dirisha la kushoto, kwa mazoea, wakijua dereva yuko hapo. Wanamkuta Wilondja. Wanadai permi. Anawaambia yeye ni abiria wa kawaida, wamuulize yule mama. Basi wanacheka, wanaingia kwenye Kibembe, lugha ya kwao, mara inagundulika mmoja wao ni mjomba wa mtu fulani, na leseni yangu ya kigeni haiulizwi tena. Plake yetu ya Tanzania, kile kibao cha namba, ilikuwa imepitwa na muda wake, lakini nayo haikuulizwa.

Halafu tumbo likamshika. Wiki haikuisha.

Nilidhani ningeweza kuandika zaidi ya hapo leo. Siwezi.

Baada ya mazishi nilijaribu kutoa gari mara moja, hadi sokoni tu. Roulage wakanisimamisha. Polisi mmoja alienda dirisha la kushoto, akainama, akakuta kiti kitupu. Akazunguka kuja kwangu. Hakuwa mkorofi. Alinieleza polepole kwamba leseni ya nje haifai kwa mtu aliyehamia, kwamba gari nalo lazima liandikishwe hapa, lipate plake ya hapa na ile kadi wanayoita carte rose, na kwamba marehemu haandikishi gari. Nilirudi nyumbani nikaliegesha nyuma ya jiko. Kuku wakaanza kulala chini yake.

Ikabidi familia ikae. Gari ni la mtoto wao, kwa hiyo hakuna ambaye angeandika jina lingine bila wao kuitikia. Etabo, mdogo wake Wilondja, alisema bila kuficha kwamba heri apewe yeye, alitafutie dereva mwanaume, na mimi niwe napata posho kila wiki. Sikumchukia. Ana watoto wengi, na alichosema ndicho ambacho kila mtu pale alikuwa anakifikiria. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, maana huku mjane haropoki kikaoni. Lakini lile gari ndiyo kazi yangu. Bila gari mimi ni Mtanzania fulani anayekula kwa mama mkwe wake.

Mama mkwe ndiye aliyekata maneno. Nayaandika kama alivyoyasema:

"Gari ni ya mutoto yangu, na huyu bibi yake njo alikuwa anaitembeza. Akipata permi, ni yake, tuandike jina yake. Akikosa, Etabo ataichukua. Sitaki tena kusikia kelele."

Haki kabisa. Nilimshukuru, nikaenda kulia jikoni.

Basi tukasikia kwamba watu wa permi na wa plake wamepanda Fizi kwa siku chache, tusihangaike kwenda mbali. Leo ndiyo ilikuwa zamu yangu. Karatasi ya mwito wa mtihani ndiyo iliyotuvusha kwa roulage. Nasema tulivuka, maana nilikwenda na Etabo. Alihitajika akashuhudie kwa niaba ya familia kwamba Wilondja hayupo na kwamba wamekubali.

Asubuhi nilimfungulia mlango wa mbele, kushoto. Aliuangalia. Kisha akafungua wa nyuma mwenyewe akaingia, akajibana na tairi la akiba na mwavuli. Tangu mazishi hakuna mtu amekalia kile kiti, na nadhani hakutaka kuwa wa kwanza. Tulipofika kwenye mlima tukajikuta nyuma ya lori la mbao. Nililifuata hadi juu. Pikipiki zilitupita, watu wenye mizigo ya mihogo karibu watupite. Vioo vikajaa ukungu wa pumzi zetu.

Fizi kuna baridi ambayo sisi wa pwani ya ziwa hatuna nguo zake. Tulipanga foleni kwenye baraza la ofisi, karibu wote vijana wa kiume, wakinitazama kwa huruma kidogo na kwa kiherehere kingi. Maswali ya alama za barabarani niliyajibu yote. Hapo nilijidai, nakiri. Nikaitwa kwenda barabarani.

Mtahini alikuwa mzee mwenye koti refu na faili amelizungushia mfuko wa plastiki. Alifungua mlango wa kushoto akakaa. Hivyo tu. Akavuta mkanda, akaweka faili magotini, akaniambia twende. Nikatia gia.

Niliendesha vizuri. Nilisimama penye kusimama, nilirudi nyuma penye mtaro bila kugusa, nilipandisha kilima bila gari kuteleza. Kisha nje ya mji tukalikuta lori lingine, limebeba matofali, linatambaa. Nikapunguza mwendo. Nikakaa nyuma yake.

Nikakaa. Yule mzee alitazama saa. Alitazama lori. Barabara ilinyooka, ikapinda, ikanyooka tena, na mimi nipo palepale na mikono yangu imetulia kwenye usukani, natazama matofali. Sikuwa na hofu. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka sasa, kwamba nilikuwa nimetulia kabisa.

"Mama," akasema, "unangojea nani?"

Nikamjibu kabla sijafikiri. Nilisema namngoja mume wangu aniambie.

Akageuka akaangalia kiti cha nyuma. Hakukuwa na mtu, Etabo tulimwacha ofisini. Akaniuliza mume yuko wapi. Nikasema amekufa. Na hapo machozi yakatoka yote, yale ya wiki zote hizi, na barabara yote ikawa maji, na mvua nayo inapiga kioo, na bado nafuata lile lori maana mguu ulikuwa unajua kazi yake hata mimi nisipokuwepo.

Angeweza kuniambia niegeshe. Angeweza kuandika nimeshindwa, na ingekuwa sawa, nani anampa permi dereva anayelia? Badala yake nikamwona anainama kushoto, anachungulia mbele, kwa muda mrefu. Akarudi kukaa sawa.

"Barabara iko wazi, mama. Lakini mi siweze kukuambia upite. Hii ni examen. Tazama weye mwenyewe."

Nikapangusa uso kwa mtandio. Nikaliachia lori mwendo, umbali ukaongezeka, nikainamisha mwili wote upande wa gia hadi bega langu likakaribia la kwake, nikasogeza gari kidogo kushoto. Nikaona. Barabara ilikuwa nyeupe kwa maji na haina mtu. Kumbe inawezekana. Ukikaa mbali kidogo na lori, ukainama, unaona. Miaka yote ile ningeweza kuona.

Nikapita.

Karani wa magari alikuwa na haraka zake. Etabo aliweka kidole, mimi nikasaini. Karani akachukua zile karatasi za Wilondja, za kuingizia gari, akazipiga muhuri wa kuzifuta moja baada ya nyingine, puu, puu, akazitia kwenye faili lake. Nilimwomba nibaki na moja. Akasema zinabaki ofisini, ndiyo utaratibu. Nilimwambia sitaki kufanya nayo kitu, nataka tu iwe nyumbani. Akasema mama, ndiyo utaratibu. Kijana wa bisibisi akafungua plake ya Tanzania akafunga mpya, na gari likawa langu, limeandikwa majina yangu matatu bila kosa.

Wilondja hakuacha nyumba wala shamba lenye hati. Alichokuwa nacho duniani chenye jina lake ni lile gari, na leo nimekwenda kwa miguu yangu, nimevaa nguo nzuri, kulifuta jina hilo. Nimefanya mtihani ili nifute jina la mume wangu. Watu wakanipa mkono wa hongera pale barazani, na mimi nikaupokea.

Tulipofika Baraka walikuwa wameshasikia. Huku kitu kipya hakiingii nyumbani kikavu, lazima kinywewe. Majirani walileta soda na kasiksi, pombe ya ndizi ya huku, mtu akamwagia tairi kidogo, watoto wakashangilia plake. Mama mkwe alitoka na kikombe cha maji tu. Akanyunyizia mlango wangu, ule wa kulia. Akazunguka akanyunyizia na wa kushoto. Kisha akaingia ndani, hakutoka tena, na wote tuliokuwepo tukajifanya tunaongea mambo mengine.

Watu walipokwisha kuondoka Etabo alibaki. Alikuwa anazungukazunguka gari, anagonga tairi kwa kiatu. Nikadhani anataka kusema lile la dereva mwanaume. Nikajiandaa, maana nina mdomo mimi nikichokozwa. Akasema:

"Shemeki, kesho mi nitakala pale mbele. Nitakuwa nakuambia."

Sijawahi kuliandika hili. Etabo ana sauti ya kaka yake. Sura hapana, Wilondja alikuwa mrefu na alikuwa mzuri, Etabo Mungu amsaidie. Lakini sauti ni ile. Ndiyo maana tangu msiba nikimsikia anabisha hodi, mimi hutoka kupitia mlango wa nyuma.

Nilitaka kukubali. Nilitaka sana, na ndicho kilichonitisha. Ningeendesha hadi Kazimia nikitazama mbele tu, nisigeuze shingo hata mara moja, na ningesikia bado, bado, pita, kwa sauti ileile. Ningepita kila lori. Halafu tungefika, ningezima gari, na ningelazimika kugeuka.

Nikamwambia hapana, asante shemeji. Nadhani nimemuumiza. Alisema sawa, akaniaga vizuri, akaenda.

Kesho samaki wapo Kazimia na mwenye samaki hasubiri msiba wa mtu. Nitakwenda peke yangu. Nitaweka kapu kwenye kile kiti, ili polisi akiinama akute kitu. Likinitangulia lori nitaliachia mwendo, nitainama, nitatazama. Nisipoona vizuri nitabaki nyuma yake, nile tope lake hadi litakapochoka.